Baisikeli ya Bwana Donald

Sikumpenda Bwana Donald tangu siku ya kwanza, na hadi leo simpendi. Lakini baisikeli yake niliipenda.

Alikuja mwaka wa 1957 kutoka Uingereza, kujitolea kufundisha katika shule yetu ya misheni huku milimani Taita. Alipanda na kushuka vilima kwa baisikeli nyeusi, akiwapungia mkono watu ambao hawakumwita. Mimi, mwalimu mwenzake, nilikwenda kwa miguu.

Siku moja akaniambia, "Fanuel, nionyeshe pango la vichwa. Nikirudi kwetu, baisikeli ni yako."

Zamani wazee wetu walizikwa, na baada ya muda vichwa vyao vilifukuliwa na kupangwa pangoni, kila ukoo na pango lake. Sisi Wakristo tulijifanya tumesahau. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi ndani ya pango letu. Donald akachukua fuvu moja la kufundishia somo la mifupa. Lilikuwa la babu yangu, Mwandawiro. Nilijua, nikanyamaza.

Darasani, binti yangu Wakio, wa miaka saba, aliitwa mbele alishike. Jioni hiyo mataya yake yakafungana. Siku tatu hakula, hakusema. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo.

"Baba Wakio," mke wangu Tryphena aliniambia, macho makavu, "rudisha ulichotoa kabla jua halijatua. Mtoto wangu akifa, usikanyage hapa."

Nilimkuta Donald akifunga masanduku; alfajiri angeshuka Voi kupanda treni. Alinipa fuvu ndani ya kikapu, na baisikeli pia. Hakunitazama usoni.

"Kila kitu kimo?" nikamuuliza.

"Kimo."

Nikafunga kikapu kwenye keria, nyuma ya kiti, nikaondoka. Jua lilikuwa limegusa mlima.

Mteremko wa kwanza, sawa. Wa pili, baisikeli ikawa nzito. Nikashuka, nikakagua breki. Hazikugusa chochote. Nikapanda tena... ikadidimia nyuma, kama mtu mzima amekaa.

Keria ikalia. Kwiii... kwiii...

Kisha harufu ya ugoro, shingoni kwangu.

Babu alikuwa mtu wa ugoro.

Sikugeuka. Sisemi uongo, mkojo ulinitoka.

"Fanuel," sauti ikanong'ona kwa Kidawida, lugha yetu. "Nitatafuna na nini?"

"Nisamehe, babu..."

"Nitatafuna na nini?"

Nikaitupa baisikeli, nikachomoa kikapu, nikakimbia nacho hadi pangoni. Nilipoliweka fuvu mahali pake ndipo nikaona, kwa mwanga wa mwisho. Jino moja la mbele halikuwapo. Taya lilikuwa limekwaruzwa na koleo.

Mwizi yule! Alikuwa amejing'olea ukumbusho.

Nilirudi nikijua nimerudisha nusu. Lakini nyumbani nilisikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Wakio alikuwa ameketi, anakunywa uji, na Tryphena analia kwa furaha. Nikamkumbatia mwanangu, nikalia pia.

"Baba, babu mmoja alikuja," akasema. "Si mbaya. Ameazima tu."

Akatabasamu. Jino lake la mbele, lililoota mwezi uliopita, halikuwapo. Wala damu haikuwapo.

Asubuhi baisikeli niliyoitupa ilikuwa imeegemea ukuta wangu, keria imejaa vumbi la ugoro. Sikuigusa. Nilipanda kwa miguu hadi pangoni. Katika taya la babu, katikati ya meno makubwa ya manjano, palikuwa na jino jipya, jeupe. Nikanyoosha mkono nilitoe. Nikaukumbuka mdomo wa Wakio uliofungana, nikaurudisha mkono.

Saa hiyo treni ya Donald ilikuwa imeshaondoka Voi.

Nilimkuta Wakio amekaa kizingitini, ananingoja.

"Baba," akauliza taratibu, "Bwana Donald atarudi lini? Babu anasema langu ni dogo, halitafuni vizuri. Anasema kama harudi, atahitaji mengine."