Bastola ya Kabatini kwa Verdell

Jikoni kwa Verdell hapakosi watu. Yeye husuka nywele, sisi husuka maneno. Jumamosi ile ya Julai, huku magharibi mwa Chicago, tulimsema Lucius, yule mwanamume anayezunguka mitaani na kizibao cha rangi ya chungwa. Alitoka jela, sasa anajiita mpatanishi wa vijana wanaogombana. Sote tuliafikiana kwamba ni kachero.

Mara akabisha hodi. Verdell akafungua mlango nusu.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Mpwa wako Jarvis kapigwa risasi ya mguu juzi. Nauliza Tavion yukoje, asije akataka kulipiza."

Tukatazamana. Tavion ni mwana wa Verdell, ana miaka kumi na saba. Tangu juzi haketi mezani kula, na joto lote lile amevaa sweta zito.

"Polisi hawapati jina la mwanangu hapa."

"Wala kwangu. Nikiwapa jina moja tu, kazi imekwisha. Pengine na mimi nimekwisha."

Akauliza kama ndani kuna silaha. Verdell akanuna. Bastola ya marehemu mumewe iko kabatini, chini ya mashuka, kwa ajili ya wezi, kama kwetu wengi. Nani angeijua? Hata hivyo akaenda kutazama. Alirudi upesi. Mashuka yapo, bastola haipo.

Shangazi yake Tavion, aliyekuwa nasi, akataka apandishwe basi aende kwa jamaa Mississippi, kusini, kama tulivyozoea kuwaficha vijana. Lucius akakataa. Alisema ugomvi unamfuata mtu kwenye simu, kisha unamngoja arudi. Akatuonya pia tusimgombeze kijana mbele ya rafiki zake, maana aibu ndiyo hufyatua risasi.

Lucius alimkuta Tavion nyuma ya duka la kinyozi, akakaa naye mchana kutwa. Mpatanishi mwenzake akaenda kwa Deshun, kijana aliyeshukiwa kumpiga Jarvis. Kumbe Deshun alimcheka Jarvis kwenye video tu. Siye aliyempiga risasi. Akakubali kuifuta video hiyo.

Jioni Lucius alimleta Tavion. Bastola ilirudi nao, imeshatolewa risasi. Verdell hakufoka. Alipakua wali na maharage.

"Nilidhani utanifukuza, mama."

"Nikufukuze, halafu nimpakulie nani?"

Sasa bastola imo ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi ziko mbali nayo, na ufunguo anakaa nao Verdell. Kijana yeyote akianza kujitenga, tunampigia Lucius kabla hatujasengenya, au tuseme, tunajitahidi.

Tavion na Deshun hawasalimiani. Lakini wote wawili wanapita barabarani kwetu.