Ua la Pasheni Kutoka Makongeni

"Ngigi, hili ua ni la nani?"

Niliitupa kadi juu ya ngozi aliyokuwa anapima. Soko la Kariokor lilijaa kelele za nyundo siku hiyo ya Jumanne, lakini fundi wa meza ya pili aliacha kugonga ili asikie vizuri. Nami sikupunguza sauti.

Ngigi alifuta mikono kwenye aproni, akaiokota kadi kwa ncha za vidole.

"Si ni yako, Lenah. Ua la pasheni. Hakuna mwingine Nairobi nzima anatengeneza hii."

"Nimeinunua jana mjini, katika duka ambalo sijawahi kupeleka hata kadi moja. Hebu iangalie tena."

Aliigeuza kwenye mwanga. Niliona uso wake ukibadilika.

"Hii imekatwa na chuma yangu," alisema polepole. "Haya meno nilikata moja moja na tupa. Nayajua."

"Chuma kiko nyumbani, ndani ya sanduku langu. Nimekishika asubuhi hii."

Alivuta droo ya meza, akapekua, akaifunga.

"Lenah, ziko mbili."

"Mbili vipi?"

"Hapa Kariokor fundi akitengeneza chuma ya kukatia, anatengeneza mbili. Moja ya mteja, moja inabaki kwa droo. Yako ikivunjika, unapata ingine siku hiyo hiyo. Ndiyo desturi. Sasa ile ya pili haiko."

"Miaka miwili, Ngigi. Miaka miwili unanitazama nikisema mbele za watu kwamba ua hili haliko kwingine duniani, na wewe una la pili kwa droo?"

"Sikudhani ni siri. Kila mtu hapa anajua."

"Mimi sikujua. Basi wale wazee wako wa posa, Jumamosi wasije. Waambie wapumzike."

Nikageuka, nikaondoka. Hakuniita, nami sikutaka aniite, au nilijiambia hivyo mpaka nikafika barabarani na machozi yakanitoka.

Msomaji, kabla hujasema Lenah Nabiswa ana kiburi, ngoja nikwambie kiburi chenyewe kilitoka wapi. Mwaka huo wa 1978 nilikuwa nikiishi na baba yangu, Mzee Simiyu, fundi wa mabehewa, katika nyumba za reli za Makongeni. Mama alikuwa nyumbani Bungoma akilima. Kwenye uzio wetu wa seng'enge Baba alikuwa amepanda mpasheni, na mimi nililitazama ua lake hadi likanikaa kichwani. Lina petali nyeupe kumi, na juu ya petali kuna duara la nyuzi nyembamba za zambarau. Nilitaka kulitengeneza kwa karatasi. Mafundi watatu wa Kariokor walinicheka. Wa nne, Ngigi, alichukua springi ya gari kuukuu, akakaa nayo wiki tatu, akaniletea chuma chenye ukali wa wembe.

Kuanzia hapo sikushikika. Nilikata petali kwa nyundo ya mbao, nikazipinda kwa mgongo wa kijiko, nikapandisha duara la nyuzi juu yake na kulikunja ncha kwa sindano. Majani nilipiga kwa muhuri niliouchonga mwenyewe, mpira wa tyubu ya lori uliogandishwa kwenye kipande cha mbao. Kadi moja ilinila asubuhi nzima. Watu walizituma kwa harusi, kwa wagonjwa, kwa wachumba walio mbali, na sikuwahi kumwomba mtu msamaha kwa bei yake.

Ngigi naye alikuwa akileta chuma kipya kila baada ya mwezi, leo jakaranda, kesho yungiyungi. Siku moja nilimuuliza mbona hachoki. Akasema, "Nikichoka nitakuja na sababu gani?" Ndipo nilipojua. Baba alikubali kwa shingo upande, akasema wazee waje. Sasa nilikuwa nimewafukuza kabla hawajavaa makoti.

Jioni ya Jumanne hiyo Patrobas alifika kwetu. Huyu alikuwa mwenzetu wa kanisa, karani, tai kila siku. Ndiye aliyekuwa akinipelekea kadi zangu mjini kwa Bi Mirriam mwenye duka la vitabu, kwa sababu kazi yake ilikuwa mtaa huo huo.

"Nimesikia yaliyotokea Kariokor," alisema. "Pole sana. Lakini mtu wa kupiga ngozi, Lenah, ungetarajia nini?"

"Sijui nani amemuuzia nani, Patrobas. Najua tu alinificha."

"Ndiyo hivyo. Mimi nisingekuficha kitu. Ijumaa nitakuja kuzungumza na mzee. Nadhani unajua ni kuhusu nini."

Sikumjibu. Mtu aliyevunjika moyo akinyamaza, wengine huhesabu hiyo kuwa ndiyo.

Alhamisi asubuhi mke wa Obura, mwenye duka la pembeni, alinipigia kelele dirishani kwamba nina simu. Duka lao pekee ndilo lililokuwa na simu mstari wetu mzima. Nilikimbia na gundi vidoleni.

"Lenah? Ni Mirriam hapa. Mwanangu, kwani siku hizi unaumwa?"

"Siumwi, Bi Mirriam. Kwa nini?"

"Kadi zako za mwezi huu zimenitia aibu. Mteja wangu wa miaka mingi amerudisha moja. Nyuzi za zambarau umeziweka chini ya petali, zinachungulia pembeni tu. Nikamuuliza Patrobas, akasema umebadilisha mtindo."

Ile niliyoinunua mjini nayo nyuzi zake zilikuwa chini.

"Alikuletea ngapi, Bi Mirriam?"

"Mia moja na kitu. Ndiyo maana nikasema umeharakisha."

"Mimi nilimpa thelathini."

Nilimsikia akipekua karatasi kwenye kaunta yake.

"Basi, mwanangu," alisema, "tafuta aliyekata hizo nyingine. Na ukimpata, usimwache."

Saa sita nilikuwa Kariokor. Ngigi hakuwepo, alikuwa ameenda kuchagua ngozi. Nilimkuta Njogu, mwenzake wa meza moja, akishona mkanda.

"Njogu, chuma cha pili cha pasheni kilikwenda wapi?"

"Si nilimpa mtu wako."

"Mtu wangu yupi?"

"Yule wa tai. Patrobas. Alikuja Ngigi akiwa kwa lunch, akasema ile yako imevunjika na uko na kazi ya haraka. Nikampa ile ya droo. Si ndiyo kazi ya chuma ya pili?"

"Na ukamwamini tu?"

Njogu aliweka sindano chini. Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Siste, huyo jamaa wewe mwenyewe ndio ulikuwa unamtuma. Kila wiki mbili anakuja na chuma zako zinolewe, anasema Lenah amenituma. Ningemkataza aje siku hiyo moja?"

Ilikuwa kweli. Kutoka Makongeni hadi Kariokor ni karibu, lakini nilijiona mtu mkubwa wa kutumana. Mlango aliopitia mwizi niliufungua mimi kwa mkono wangu, halafu nikaenda kumtukana mwenye nyumba.

"Ngigi amejua?"

"Nilimwambia jana. Amegonga nyundo tangu jana mpaka masikio yanauma."

Ijumaa saa kumi na moja Patrobas alifika na tai mpya na soda tatu. Baba alikuwa ametoka kazini, mikono bado ina grisi, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mzee, nimekuja na maneno mazuri," Patrobas alianza.

"Maneno mazuri hayaharibiki yakingoja," nilisema. "Kwanza nisaidie kazi kidogo, Ndugu Patrobas. Nimechoka leo."

Nikamwekea mezani petali kumi, duara la nyuzi na chupa ya gundi.

"Nipangie ua."

Alicheka. "Mimi na maua wapi na wapi?"

"Umeyabeba miaka miwili. Panga tu."

Alimtazama Baba. Baba alikuwa akimtazama yeye. Akavuta kiti, akaweka duara la nyuzi chini, akazipanga petali juu yake moja baada ya nyingine, vizuri kabisa na bila kusita, mkono wa mtu aliyekwisha kuwaelekeza wengine. Alipomaliza nilitoa ile kadi niliyoinunua mjini, nikaiweka kando ya kazi yake. Zilifanana kama mapacha.

"Kadi zote zile hukuzibandika peke yako. Hao uliowaajiri," nilisema, "uliwafundisha hivi hivi?"

"Sielewi."

Baba alisimama, akatoka nje. Nilidhani amekasirika na mimi. Akarudi ameshika ua la mpasheni wetu, bichi, akaliweka mezani katikati ya maua mawili ya karatasi.

"Mpasheni huu niliupanda mimi," alisema. "Nyuzi ziko juu. Binti yangu anajua. Wewe umekaa kwenye kiti hiki miaka miwili unakunywa chai ukilitazama hilo ua dirishani, na hukuliona."

"Mzee, naomba nieleze..."

"Eleza chuma kwanza," nilisema. "Ulimwambia Njogu changu kimevunjika. Kilivunjika lini?"

Alilegeza tai. "Nilitaka tukue, Lenah. Wewe unatengeneza kadi moja asubuhi nzima. Hiyo si biashara. Ningekuoa, na kila kitu kingekuwa chetu sote."

"Ulianza kuchukua kabla hujaoa."

"Na nani aliuza hizo kadi zako? Ni mimi. Mjini wakijua zinatoka Makongeni, nani angenunua? Ndiyo maana nilikuzuia kuandika jina nyuma."

Hapo ndipo niliposikia hasira ikinitulia badala ya kupanda. Miaka miwili nilikuwa nimelifuata neno hilo, nikipeleka kadi zisizo na jina, za mtu asiyejulikana. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuziiba.

"Kesho asubuhi chuma kiwe juu ya meza hii," Baba alisema. "Soda zako hizi, beba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea."

Patrobas alibeba soda zake. Majirani waliokuwa barazani walimwona akipita nazo, na Makongeni hiyo inatosha. Jumamosi saa moja chuma kilikuwa mezani.

Lakini usiku ule wa Ijumaa, kabla ya kulala, Baba aliniuliza, "Na yule wa Kariokor?"

"Nilimkosea, Baba."

"Basi unajua kazi yako, mama."

Kazi yangu niliijua. Nilikuwa nimewakatia maua watu wa Nairobi nzima, na mtu aliyenitengenezea vyuma sikuwahi kumpa hata kadi moja. Niliamka alfajiri, nikakata petali kumi. Nyuzi zote sabini na mbili nilizikunja moja moja kwa sindano. Ndani nikaandika maneno machache tu, kwa sababu mengi yangekuwa ya kujitetea.

Kariokor nilimkuta Ngigi peke yake. Nilimwekea kadi juu ya ngozi, mahali pale pale nilipoitupa ile nyingine, safari hii kwa mikono miwili. Kando nikaweka chuma cha pili.

Alifungua, akasoma kwa sauti, polepole:

"Nilikosa. Mlango niliufungua mimi. Waambie wazee makoti yao bado yanahitajika. Lenah."

Alipitisha kidole juu ya nyuzi.

"Umezipanga zote juu," alisema.

"Ndipo zinapokaa."

"Nilikuwa na hasira na wewe, Lenah. Uliniaibisha mbele ya soko lote."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mbele ya soko lote."

Fundi wa meza ya pili alikuwa ameacha kugonga tena. Ngigi aliinama, akavuta kutoka chini ya meza mkebe wa rangi, akaumimina juu ya ngozi. Vilikuwa vyuma, jakaranda, yungiyungi, waridi, alizeti, vyote vya droo, vimepondwa kwenye fuawe hadi havina umbo.

"Umeviharibu kwa nini?"

"Ili ukiambiwa kuna ingine mahali, ujue ni uongo."

Akakichukua chuma cha pili cha pasheni, kazi ya wiki tatu, akakiweka kwenye fuawe. Nilitaka kumzuia. Alikipiga mara nne.

"Sasa changu kikivunjika?" niliuliza.

"Utakuja kwangu. Nitaanza upya na springi ingine, wiki tatu, hata nikiwa mzee sioni." Akanitazama hatimaye. "Lakini utakuja mwenyewe. Hutatuma mtu."

"Sitatuma mtu, Ngigi."

Wazee walifika Jumamosi iliyofuata, wamevaa makoti kwenye jua kali. Mama alikuwa amekuja kutoka Bungoma kusikia mwenyewe. Baba alipokea maneno yao vizuri, lakini kabla ya kuwajibu alitoa mfukoni kadi ya pasheni, akaizungusha kutoka mkono hadi mkono. Mtu huyu kwa miaka miwili alikuwa ameiita kazi yangu makaratasi.

"Mnayemtaka ndiye aliyetengeneza hii," alisema. "Tazameni vizuri ndipo tuzungumze."

Mzee mmoja aliigeuza nyuma, akaisogeza mbali na macho apate kusoma. Pale palikuwa na muhuri mpya, ulionichukua mikesha miwili kuuchonga, kwa sababu mpira unataka herufi uzichonge kinyume. Wino ulikuwa wa zambarau. Wiki hiyo hiyo Bi Mirriam alikuwa amezipanga kadi zangu dirishani kwake zikiwa zimegeuzwa mgongo, ili mjini wasome kwanza jina kabla ya kuliona ua.

Mzee alisoma kwa sauti, na Ngigi, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

"Mkono wa Lenah, Makongeni. Chuma cha Ngigi, Kariokor."