Misumari Minne ya Uani

Rangi ilikauka ukuta mzima isipokuwa mahali pamoja. Palikuwa karibu na karo la nje, kwa kimo cha mtu aliyeketi akaegemea, na upana wa mgongo. Nazish alipaka mara ya pili, mara ya tatu. Kila asubuhi pakawa pabichi vilevile.

"Unyevu tu," alisema Tanvir, mumewe. "Kwa mvua hii ya Bradford, mke wangu, hata mimi naota ukungu."

Katika mji huo wa Uingereza, nyumba yao ilikuwa katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana kuta. Nyuma palikuwa na ua wa mawe ambao ukuta wa kiwanda cha zamani cha sufu uliunyima jua mwaka mzima. Adhuhuri ya Julai ungedhani magharibi imeingia. Mahnoor, binti yao wa miaka minne, hakuwa na pa kuchezea, maana mbele ni barabara ya magari tu. Nazish alitaka mwanawe apate pa kukimbia, basi. Ndiyo maana alipaka kuta rangi nyeupe, akapanga vyungu vya majani yapendayo kivuli, akaweka benchi.

Mama mkwe wake, Bi Zubaida, alitazama kutoka mlango wa jikoni, sufuria ya maji ya wali mkononi. Miaka thelathini alikuwa akimwaga maji ya moto katika karo lile, na kila mara husema kwanza, "Bismillahi. Pisheni, wenyewe." Hakuwahi kuketi pale hata dakika moja.

"Mwanangu, ua huu una mwenyewe. Yeye kule, sisi huku, tumekaa salama."

"Ana hati ya nyumba, mama?"

"Cheka, cheka. Mimi nimekwisha sema."

Nazish alicheka kweli, na mimi simlaumu. Mtu aliyebeba ndoo za rangi wiki nzima hataki kusikia habari za wenyewe wasioonekana. Lakini chai aliyoiweka benchini ilipoa kabla hajainywa. Kisha ikaja harufu ya sufu iliyolowa. Kisha siku moja akamwona Mahnoor, aliyekuwa peke yake, akijisogeza ukingoni mwa benchi kama ampishaye mtu.

"Unampisha nani, mama?"

"Mwenye benchi. Anasema tumekaa kwake."

Nazish alimnyakua mtoto na kumkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Siku tatu mlango wa nyuma haukufunguliwa. Alhamisi akaja Shehe Ghafoor, mtu wa dua, na misumari minne ya chuma aliyoisomea usiku kucha.

Walipofika uani, lile doa lilikuwa limekauka. Hewa ilikuwa na joto. Harufu haikuwapo.

"Ananiogopa," alisema Shehe, akitabasamu. Akagongomea misumari kwenye pembe nne za ua. "Hatakanyaga hapa tena mpaka Kiyama."

Alasiri ile Mahnoor alikimbia uani akicheka, na Nazish akalia kwa furaha. Hata Bi Zubaida aliketi benchini, kwa mara ya kwanza, akanywa chai ikiwa moto.

Jua lilipokaribia kuchwa, Nazish akaita, "Njoo ndani, chapati zimeiva!"

Mtoto alisimama kwenye kizingiti. Hakuvuka.

"Nalala hapa."

"Acha utundu. Ngoja nikuletee sweta lako."

Akapanda ngazi, na katika kidato cha tatu akasikia harufu ya sufu iliyolowa, na kila alipopanda ilizidi, na ubaridi ukamwingia miguuni, na alijiambia ni dirisha tu, ni dirisha, mpaka alipousukuma mlango wa chumba cha mwanawe akaona ukuta wa kando ya kitanda umelowa, kwa kimo cha mtu aliyeketi akaegemea, na upana wa mgongo, na godoro limebonyea.

Alishuka akikimbia. Pale kizingitini Bi Zubaida alikuwa amemshika mtoto mkono, uso umemsawijika.

"Mwambie mama yako ulichoniambia," alinong'ona.

"Tulichukua kwake, akachukua kwangu," alisema Mahnoor. "Aliahidi atarudi kwake leo, tukimwachia benchi." Akaitazama misumari. "Sasa atapita wapi?"

Juu, kitanda kikalia polepole, kama mtu anayejigeuza alale vizuri.