Nyuma Yangu Walisimama Watu Tisa

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, ni mjane, nauza viazi sokoni Mbalizi. Sitaki kuonewa huruma na mtu. Nataka mnisikie tu, maana hasira hii itaniua!

Niligombea uenyekiti wa kitongoji katika kura za maoni za chama chetu. Nilichoka na bomba linalotoa maji mara moja kwa wiki huku mzee Ambakisye, mwenyekiti wetu, akituambia tuvumilie. Aliyenisukuma nichukue fomu ni jirani yangu, Mama Sifa. Ndiye aliyenipitisha nyumba kwa nyumba kuniombea kura. Alipojifungua kwa upasuaji, nani alimfulia nepi? Mimi!

Siku mbili kabla ya kura, binti yangu Neema alinipigia kutoka chuoni Iringa. Timu yao ilikuwa imeingia fainali ya mpira wa pete, naye ndiye mfungaji. Aliniomba niende nimshangilie, kwani tangu baba yake afariki hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwona akicheza. Nilimwambia haiwezekani, siku ileile nina kura yangu. Akasema sawa.

Kwetu kura ile ilipigwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea unayemtaka. Sisi wagombea wawili, mimi na mzee Ambakisye, tulisimamishwa mbele, kwenye uwanja wa shule, tukiwa tumewapa wanachama mgongo. Marufuku kugeuka mpaka msimamizi aruhusu. Nilisikia miguu ikiburuzwa, vicheko, mtu akikohoa… Nikajisemea, hao wote ni wangu!

Msimamizi akaturuhusu kugeuka.

Watu tisa! Tisa, jamani! Mstari wa mzee Ambakisye ulifika mpaka vyooni. Na wa kwanza kabisa nyuma yake alikuwa Mama Sifa, amejifunga kitenge nilichomnunulia mimi!

Nilimfuata palepale. Hakuona hata haya.

"Mama Neema, usininunie bwana. Mzee kaniahidi kuniweka kamati ya soko. Na mimi nina watoto, ati!"

Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira. Simu ikaita. Alikuwa Neema, analia kwa kwikwi. Walikuwa wamefungwa kwa goli moja, na yeye ndiye aliyekosa la mwisho. Wenzake walikuwa wanamzomea.

Na mimi mama yake nilifanya nini? Nilimfokea! Nilimwambia huo ni mpira tu, akalie hukohuko, asinisumbue. Nikamkatia simu.

Likizo ilipofika hakuja Mbalizi. Alikwenda kwa shangazi yake, Makongolosi. Nikipiga, shangazi ndiye anapokea, anasema Neema anafua. Kila siku anafua?

Mama Sifa simsamehe, na asinisalimie! Lakini aliyemfukuza mwanangu si yeye.

Akina mama wenzangu, gombeeni, msiogope. Ila mkishindwa, malizaneni na waliowaangusha. Msimshushie hasira zenu mtoto ambaye hajawakosea chochote.

Neema, ukisoma haya, pokea simu mwenyewe… hata kama ni kwa kunitukana.