Mwenye Kutaka Aendelee

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote mjini Kamina. Mama mkubwa Noémie, dada ya mama yangu, alikuwa barazani akichekecha unga wa muhogo. Mumewe Philémon, mwalimu wa fizikia, alikuwa akipiga pasi shati jeupe ambalo kwa kawaida alilivaa kanisani. Alitaka kulivaa siku hiyo ya kufunga foni.

"Foni haina macho, Baba Divin," mkewe alimtania. "Batakusikia tu, habatakuona."

"Minyi nitajiona," alijibu.

Mimi sikuwepo, nilikuwa chuoni Lubumbashi. Habari hizi nilizipata kwa Mama mkubwa na kwa Amédée, kila mmoja peke yake, na ninazisimulia kwa mfuatano ambao wote wawili waliukubali.

Foni ilikuwa redio ya kutuma na kupokea sauti. Philémon na rafiki yake Amédée, fundi wa ishara za reli, waliiunda miaka michache kabla ya vita kwa vipuri vya redio zilizokwisha kufa. Hawakumtoza mtu chochote. Zaidi ya hapo, walimpa mchoro wake yeyote aliyeuomba, na hivyo watu wa Kaniama, Bukama na Kabondo-Dianda wakaunda za kwao. Kila alasiri Philémon aliviita vituo hivyo, na watu wakapashana habari za misiba, za ndoa na za bei ya samaki. Kisha vita vya mwaka 1998 vikafika, na jeshi likaamuru foni zote za raia zizimwe. Yeyote ambaye angesikika hewani baada ya hapo angehesabiwa kuwa mpelelezi, na wapelelezi hawakupelekwa mahakamani.

Alasiri hiyo Philémon aliviaga vituo. Kaniama walijibu, Bukama wakajibu, Kabondo-Dianda wakajibu. Amédée, ambaye hakuafiki kufunga, alikaa dirishani amenuna. Mwishowe Philémon alitamka maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu asubuhi.

"Hii kazi haikukuwa ya minyi peke yangu. Muchoro muko nayo. Mwenye kutaka kuendelea, aendelee."

Akangoja jibu kidogo, kwa adabu. Ndipo ikajibu sauti ya nne, karibu mno, bila mkwaruzo wowote.

"Aksanti. Minyi nitaendelea."

"Weye nani?" Philémon aliuliza.

Hewani ukarudi mkwaruzo.

Mama mkubwa aliweka chekecheo chini. "Juu ya nini haukutaja jina ya mutu?" alinong'ona. "Kitu inapewa na jina." Katika ukoo wetu, anayeacha kitu humtaja anayemwachia, mbele ya mashahidi, kwa sababu wanaosikia zawadi ikitolewa si walio hai peke yao. Philémon alicheka, yeye alikuwa mtu wa fizikia. Walishusha waya wa antena, wakapeleka betri kanisani, na Amédée akaondoka na taa za kioo za ndani ya mtambo, ambazo bila hizo mtambo hauwezi kutuma sauti. Mezani palibaki umbo la mraba lisilo na vumbi. Kesho yake Mama mkubwa alipopangusa meza, mahali hapo palikuwa bado na joto.

Kabla wiki haijaisha, Kabedi alishuka kwenye treni kutoka Bukama. Alikuwa mchuuzi wa samaki, na ndiye aliyekuwa akishika foni ya huko. Alianza kufoka akiwa bado njiani.

"Mwalimu! Kwaheri yako iko ya namna gani? Samedi unatuaga, siku mbili tu inapita, lundi unatuita tena!"

"Foni haiko tena, Kabedi. Angalia meza."

"Basi nani alituambia treni ya basoda inakuya? Ilikuwa weye. Mpaka kukohoa kwako."

"Na ile treni ya askari ilikuya?" Noémie aliuliza.

Kabedi alipunguza sauti. "Ilikuya. Lakini ile sauti ilitaja pia majina ya basoda benye habatafika." Akamgeukia Noémie. "Habakufika, Mama Divin."

Philémon alimfikiria Amédée papo hapo. Amédée ndiye aliyekuwa na zile taa. Amédée ndiye aliyekataa foni ifungwe. Tena Amédée, wakinywa, alizoea kuwachekesha watu kwa kuiga kikohozi chake. Alimfuata hadi nyumbani kwake, kambi ya reli.

"Weye njo mwenye kutaka baniue?"

Amédée alivuta sanduku, akalifungua. "Mwalimu, minyi nilizani ni weye. Nilisema, ameunda ingine kwa siri, amenificha minyi ndugu yake."

Taa zilikuwemo sandukuni, zimefungwa kwa magazeti. Hata hivyo hawakuaminiana. Walikubaliana kuketi pamoja alasiri iliyofuata, katika nyumba ya Philémon, wakisikiliza kwa redio ndogo ya kawaida, ambayo huweza kupokea tu. Mama mkubwa naye alichagua kiti ambacho kilimwezesha kuona midomo yao wote wawili.

Saa ya foni ikafika. Jua lilikuwa kali nje. Mtu alikuwa akitwanga mahindi kwa jirani. Redio ikakohoa.

"Kaniama, Kaniama, munanisikia?"

Ilikuwa sauti ya Philémon. Mdomo wa Philémon ulikuwa umefungwa. Mdomo wa Amédée pia.

"Bukama, munanisikia?"

Amédée alinyosha mkono kuizima redio.

"Acha, Amédée," redio ikasema. "Kwanza niambie. Huyu mwenye kuikala kando yako ni nani?"

Mkono ukabaki hewani.

"Minyi njo Philémon. Huyu, mulimutoa wapi?"

Amédée aliinuka. Alisogeza kiti chake nyuma, taratibu, mbali na rafiki yake.

Wakati huo huo mlango ukasukumwa. Aliingia kapiteni na askari wawili. Wao pia walikuwa wameisikia sauti, siku hizo huko kambini mwao, na walikuja kumkamata mwenye nayo. Kapiteni alimwona Philémon ameketi, mikono magotini. Akaisikia redio ikiendelea kuita.

"Karibu, kapiteni," redio ikasema.

Kapiteni alichomoa bastola. Hakujua aielekeze wapi.

"Mwalimu," alinong'ona, "sema kitu."

Philémon alifungua mdomo. Ulimi ulicheza. Koo lilipanda na kushuka. Hakikutoka kitu.

"Hawezi," redio ikasema. "Noémie, baambie. Siku ile ya kuzika mutoto wetu wa kwanza, nilikuambia nini njiani?"

Kisha ikayasema maneno yale. Yalikuwa machache. Yalikuwa yenyewe, na hakuna mwingine duniani aliyeyajua. Mama mkubwa alilia, "Vidye!", akimwita Mungu kwa Kiluba.

Bastola ilikuwa sasa kifuani mwa Philémon. "Mama," kapiteni aliuliza, "bwana yako ni nani?"

Alimtazama mtu wa kwenye kiti. Akaitazama redio. Kinu cha jirani kilikuwa kimenyamaza. Akaenda, akaweka mkono begani mwa yule asiye na sauti.

"Ni huyu."

Kapiteni alifikiri. Mtu asiyeweza kutamka neno hawezi kushitakiwa kwa kusema. Alirudisha bastola, akaipiga redio kwa kitako cha bunduki ya askari wake hadi ikatawanyika, akatoka bila kuaga. Amédée alitoka kwa mlango wa nyuma, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Philémon aliishi. Hakusema tena.

Vita vilipokwisha nilikwenda kuwasalimia. Nilimkuta Mama mkubwa akimnywesha uji, na baada ya kuwa peke yetu jikoni nikamuuliza alimtambuaje mumewe siku ile.

"Sikumutambua," alisema. "Nilimuchagua mwenye kuwa na mwili."

Alasiri hiyo, saa ya foni, Philémon alisinzia kitini. Kola ya shati ilimbana, nami nikainama kumfungulia kifungo. Vidole vyangu viligusa koo lake. Lilikuwa likitetemeka kama la mtu anayezungumza bila kukoma. Kisha likatulia kidogo, kama la mtu anayengoja ajibiwe; kisha likaendelea.