Gogo la Shida

Haya yalimfika rafiki yangu Fikirini, dereva wa lori la kahawa enzi za Mwingereza. Alikuwa akisafiri na mkewe, Shida. Kila waliposimama mlimani, Shida ndiye aliyeruka chini, akasukumiza gogo la mninga mbele ya tairi, kisha akagonga bodi ya lori mara mbili kumwita mumewe. "Baba Zaidi, shuka sasa."

Shida alipofariki, Fikirini alilisimika gogo lile, nusu ardhini, kichwani pa kaburi lake, Moshi mjini.

Masika yaliyofuata alikuwa akiteremka peke yake kutoka Marangu, ukungu umetanda, giza linaingia. Breki hazikushika. Akashusha gia, akapiga honi mfululizo, akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Mara likaanza kuteleza tena, polepole, kuelekea korongoni.

"Shida, gogo!" alipiga kelele kwa mazoea.

Kitu kikasaga chini ya tairi. Lori likatulia. Bodi ikagongwa, mara mbili.

Akashuka akimwita huku analia. Maji tu yalikuwa yakichuruzika migombani. Alipopapasa tairi gizani, mkono ukagusa gogo la mninga. Nusu yake ilikuwa imegandwa na udongo mbichi, hadi kimo kile kile alicholifukia kaburini kwa Shida.