Tepu ya Nkuba

Pikapu ilikwisha kuiacha Mbeya, ikiwa njiani kwenda Iringa, na ilikuwa inaingia Chimala pale mzee Marcelino alipotikisa boksi la tepu, likalia chakachaka. Akalifungua. Mchele mtupu.

Gwakisa, mwenye gari, akaegesha. Kiti cha nyuma Minza akaamka, shingo imemkakamaa. Tepu ile ilikuwa ya kaka yake, marehemu Nkuba, mchunga ng'ombe wa Usangu aliyeingia Mbeya na gitaa miaka ya sabini, akaimba muziki wa kantri, ule wa Kimarekani, kwa Kiswahili kabla ya mtu yeyote. Ilipatikana majuzi kwa fundi redio. Hakuna aliyeisikiliza, maana mashine ya kuichezea ilikuwa Iringa, na huko wapenzi wa kantri walikuwa wanangoja kumsikia Nkuba alivyoanza.

Minza alikuwa amestaafu upolisi. Akaanza kuuliza kama zamani.

"Gwakisa, Igurusi ulibaki na gari."

"Nilibaki nikibadilisha gurudumu, dada. Hiyo tepu niipeleke wapi, nikaanikie nguo?"

"Mzee Marcelino, wewe kila harusi unajitangaza kwamba ulimtangulia kaka yangu kuimba kantri."

"Najitangaza, ndiyo. Nikishalewa." Mzee akavua kofia yake pana. "Nilifika Mbeya nikamkuta keshaanza. Leo nilitaka kumsikia, Minza."

"Mwacheni mzee wa watu," alisema Kalista, mjane wa Nkuba, aliyekaa upande wa pili wa spika kubwa waliyoibeba. "Nani ahangaike kuiba sauti ya mwanamke?"

Minza akachota mchele ule kiganjani. Gwakisa alipanga kununua wake Chimala, na sokoni alikuwa hajafika. Mchele ndani ya gari ulikuwa mmoja tu, wa Rujewa, zawadi ya wenyeji wao wa Mbeya, kwenye kiroba miguuni pa Kalista. Angeweza kunyamaza. Kaka yake angebaki vilevile.

"Wifi," alisema taratibu, "mwanamke gani?"

Kalista akatazama nje.

"Mimi. Zile nyimbo nilizitunga mimi, na kwenye tepu naimba mimi, Nkuba akipiga gitaa. Baba yangu mwinjilisti, mimi nikaimbe baa? Kwa hiyo akaziimba yeye, watu wakampenda. Leo nimwaibishe akiwa kaburini?"

"Ukaichukua."

"Ulikuwa unakoroma, wifi. Nilitaka nikaichome. Tuliposimama Igurusi nikashindwa. Nimezeeka, sauti yangu ya usichana siikumbuki. Nikasema nitaisikiliza kwanza, hata mara moja."

"Basi itoe. Tutaisikiliza wote, na mimi mwenyewe nitasema ni ya nani."

Kalista akaingiza mkono kwenye tundu la nyuma ya spika, akavuta kwa nguvu kifurushi cha khanga chenye tepu. Kilikuwa kimeng'ang'ania ndani.

Marcelino akafumba macho. "Mama, hapo pana sumaku. Sumaku inafuta tepu."

Iringa waliicheza mpaka mwisho. Ilivuma kama mvua ya mbali juu ya bati. Mahali pamoja gitaa lilisikika kidogo, likapotea. Minza alisimama akasema alichoahidi. Watu walimpigia makofi kwa adabu, wakaomba nyimbo za Nkuba.

Gwakisa aliuza ile spika. Marcelino bado anapiga kwenye harusi, ila hajitangazi tena. Kalista alifariki Rujewa wakati wa mavuno. Nkuba anaitwa baba wa kantri ya Mbeya mpaka leo. Tepu anayo Minza, kabatini.